Tarehe, Saa na Muda: Kufundisha Aina za Wakati katika Shule za Msingi

Utangulizi

Mwanachuo anayejiandaa kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha huwa na mada anazoziogopa. Sehemu, desimali na mafumbo ya hesabu huwa za kwanza. Mada ya wakati haimo kabisa katika orodha yake. Hudhani kwamba inatosha kutengeneza saa ya boksi, kuizungusha mishale yake mbele ya darasa na kuwaambia watoto wasome. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba mada hii ina uzito kuliko idhaniwavyo. Hata watunga programu za kompyuta, ambao hesabu ndiyo kazi yao, walihitaji karibu miaka ishirini kuiweka sawa katika zana zao. Somo walilolipata twaweza kulifundisha hapa kwetu kwa kijiti, kalenda na ubao.

1. Kosa la siku moja

Miaka michache iliyopita nilikwenda kuwakagua wanachuo katika shule moja iliyo karibu na Tinde. Nilimkuta mwalimu wa darasa akibishana na mama mmoja. Mama alikuwa na cheti cha kuzaliwa cha binti yake, kimeandikwa tarehe 1 Januari 2017. Mwalimu alikuwa na orodha ya darasa iliyochapwa na kompyuta, nayo ilisema tarehe 31 Desemba 2016. Mwalimu alishikilia kwamba kompyuta haisemi uongo. Mama alijibu kwa utulivu, "Mwalimu, aliyezaa ni mimi."

Tuliamua kuilinganisha orodha ile na daftari la kuandikishia wanafunzi, lililojazwa kwa kalamu. Hapo ukweli ulidhihirika: watoto wote wa darasa lile walikuwa wamerudishwa nyuma siku moja. Aliyezaliwa tarehe 14 aliandikwa 13, na aliyezaliwa tarehe 8 aliandikwa 7. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa tofauti ya 14 na 13 haimgombanishi mtu. Kwa binti yule kosa lile lile lilivuka mwezi na mwaka, na anayehesabu umri kwa kutazama mwaka tu angemwona mkubwa kwa mwaka mzima. Mtoto wa namna hiyo, akiwa mtu mzima na kuhitaji kitambulisho, hukuta cheti chake na kumbukumbu za shule havipatani.

Kosa lilitokeaje? Mwalimu aliyeingiza majina aliandika tarehe tu. Programu ile haikuwa na mahali pa kuweka tarehe peke yake. Iliongeza saa ambayo hakuna aliyeitaja: saa 6.00 kamili usiku, mwanzo wa siku. Kisha, ili kuhifadhi, iliupeleka wakati huo kwenye wakati wa dunia, ujulikanao kwa kifupi cha UTC, ambao uko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa 6.00 usiku inayoanza tarehe 1 Januari hapa kwetu ni saa 3.00 usiku ya tarehe 31 Desemba kwa wakati wa dunia. Ilipofika zamu ya kuchapa, programu ilikata ile saa ikaacha tarehe, nayo ilikuwa 31 Desemba. Kila hatua ya hesabu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika kuifanya siku ya kuzaliwa iwe kitu kisichokuwa.

2. Aina tano za wakati

Ili kuliepuka kosa hilo, hatuna budi kutambua kwamba neno "wakati" linabeba vitu mbalimbali. Kwa ajili ya shule ya msingi nitataja vitano.

(a) Tarehe. Hii ni siku katika kalenda, bila saa. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe ya kuzaliwa ni ya aina hii. Mtu aliyezaliwa Tinde tarehe 5 hahesabiwi kuwa wa tarehe 4 kwa sababu amehamia London.

(b) Saa ya siku. Hii ni saa bila tarehe. Tukisema kengele ya mapumziko hulia saa 4.30 asubuhi, hatusemi ni ya siku gani. Ni ya kila siku ya masomo.

(c) Nukta ya wakati. Hapa sina maana ya sekunde, bali tukio moja katika mkondo wa wakati wa dunia nzima. Mpira unaotangazwa redioni moja kwa moja kutoka ng'ambo huanza katika nukta moja tu, ijapokuwa saa za ukutani katika nchi mbalimbali zinasoma tofauti.

(d) Muda. Huu ni urefu wa wakati. Muda wa saa na dakika hupimwa kama kamba. Muda wa kalenda, yaani miezi na miaka, hauna urefu mmoja. Mwezi mmoja baada ya tarehe 31 Januari ni lini? Februari haina tarehe 31, hivyo ni lazima pawe na kanuni, na kanuni ya kawaida ni kuchukua siku ya mwisho ya Februari, ambayo yaweza kuwa ya 28 au ya 29.

(e) Tarehe pungufu. Saba Saba ni siku na mwezi, bila mwaka. Mzee anayesema alizaliwa mwaka wa Uhuru ametupa mwaka 1961, bila siku wala mwezi. Miongoni mwa Wasukuma, jina la Mabula hukumbusha mvua na jina la Nzala hukumbusha njaa. Ni kumbukumbu ya majira, si ya tarehe. Habari za namna hii ni za kweli kadiri zilivyo. Zinakuwa za uongo pale karani anapolazimishwa na fomu kuzijazia siku ambayo mzazi hakuitaja.

Kanuni inayotokana na mgawanyo huu ni rahisi kuitamka: kila habari ya wakati iandikwe kwa aina yake, bila kuongeza tusichokijua na bila kupunguza tukijuacho.

3. Kompyuta ilivyojifunza somo hili

Mtunga programu haanzi kila kazi tangu mwanzo. Huazima maagizo yaliyokwisha kutungwa na kujaribiwa, yaliyokusanywa katika kile kiitwacho maktaba ya programu. Ndani ya maktaba hiyo kila kitu kina aina yake: nambari ni aina moja, maneno ni aina nyingine. Mtu hawezi kuzidisha jina la mtoto kwa nane, kwa kuwa aina haziruhusu.

Lakini kuhusu wakati, maktaba nyingi za awali zilikuwa na aina moja tu ya kubeba kila kitu. Lugha ya Java ilipotolewa mwaka 1996, aina iliyopewa jina la tarehe kwa kweli ilihifadhi nukta ya wakati. Ilihesabu sehemu za elfu za sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa wakati wa dunia, ambayo kwetu ilikuwa saa 9.00 usiku. Isitoshe, miezi yake ilianza kuhesabiwa kwa sifuri, hivi kwamba Januari ilikuwa 0 na Desemba 11. Mwanachuo hahitaji kuambiwa ni makosa mangapi yalitokana na jambo hilo.

Stephen Colebourne, mtunga programu wa Uingereza, alitunga maktaba ya Joda-Time iliyotenganisha tarehe, saa ya siku, nukta na muda. Baadaye yeye na wenzake waliongoza kazi ya kuingiza mawazo hayo katika Java yenyewe, na toleo la 8 lililotolewa mwaka 2014 likawa na aina zote nilizozitaja, pamoja na mwaka peke yake, mwaka na mwezi, na mwezi na siku. Kampuni ya Microsoft ilifanya vivyo hivyo mnamo Novemba 2021, ilipoongeza aina mbili, moja ya tarehe tu na moja ya saa tu, katika toleo la 6 la .NET.

Hapa pana fundisho kubwa. Kuwapo kwa aina mpya hakukutosha. Habari ya wakati hupita milango mingi: mlango wa fomu, wa hifadhidata, wa kutuma na wa kuchapa. Mlango mmoja usiotambua tarehe peke yake huigeuza tena kuwa nukta, na makosa ya siku moja hurudi. Ndiyo sababu kila maktaba inayotegemewa na nyingine haina budi kufundishwa aina mpya. Maktaba ya Microsoft ya kuwasiliana na hifadhidata yake ya SQL Server ilizipokea rasmi aina zile mbili katika toleo la Januari 2023, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuzaliwa kwake, ingawa hifadhidata yenyewe ilikuwa na tarehe peke yake tangu toleo la mwaka 2008. Shule nayo ni mlango mmojawapo. Mtoto aweza kutoka hospitali na tarehe sahihi, akaipotezea kwetu.

4. Saa yetu na saa ya mashine

Mtoto wa Kiswahili ana kazi ya ziada. Nyumbani saa ya kwanza ya mchana ni saa moja, kwa kuwa siku huhesabiwa tangu mapambazuko. Kwenye simu ya baba yake saa hiyo hiyo huandikwa 07:00. Tofauti ni sita daima. Mwalimu asiseme kwamba saa moja ni sahihi na 07:00 ni makosa, wala kinyume chake. Ni nukta ile ile iliyosomwa kwa hesabu mbili. Maandishi ya 12:00 peke yake ndiyo ya hatari, maana mmoja ataisoma saa kumi na mbili, na mwingine saa sita mchana.

Usiku una hatari kubwa zaidi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, ni jambo la kawaida abiria kupandia njia panda ya Tinde usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 6, saa 8.00 usiku, abiria asiyefundishwa hungoja mchana wa tarehe 6 upite, akafika stendi usiku unaofuata. Basi lake liliondoka siku nzima iliyopita, kwa sababu tarehe hugeuka saa 6.00 usiku. Lugha yetu ina dawa ya jambo hili katika maneno "usiku wa kuamkia". Usiku wa kuamkia tarehe 6 hauna utata, na mtoto aufundishwe kwa maneno hayo hayo.

Majina ya siku nayo yahitaji uangalifu. Jumamosi ina neno mosi ndani yake, na Jumatatu ina tatu. Sanifu ya kimataifa ya kuandika tarehe, ISO 8601, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, huanza juma kwa Jumatatu, hivi kwamba Jumatatu ni siku ya 1 na Jumamosi ni ya 6. Sanifu hiyo huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2024-04-03. Mwalimu wa hesabu atafurahi kuona kwamba mpango huu ni ule ule wa thamani ya mahali, kikubwa kikitangulia kidogo. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa 03/04/2024 kwetu ni tarehe 3 Aprili, na Marekani ni tarehe 4 Machi.

5. Jua la Tinde na saa ya taifa

Watoto wengi huamini kwamba saa sita kamili mchana jua huwa juu kabisa. Hapa Tinde si kweli. Saa za Afrika Mashariki hulingana na jua la longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Tinde iko kwenye nyuzi 33 na kidogo. Kila nyuzi moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa kwa karibu dakika 47. Dar es Salaam, iliyo mashariki zaidi, iko nyuma kwa dakika 23 hivi. Saa za ukutani za miji hii ni moja. Jua ndilo tofauti.

Jambo hili lapimika. Simika kijiti wima uwanjani na weka alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, kuanzia saa 6.15 hadi saa 7.15 mchana. Mapema Novemba kivuli kifupi kabisa kitaonekana karibu na saa 6.30; katikati ya Februari, karibu na saa 7.00. Usichague mwanzo wa Oktoba wala siku za karibu na tarehe 10 Machi, kwa sababu jua hupita utosini na kivuli karibu hutoweka. Watoto watagundua wenyewe kwamba saa ya ukutani ni mapatano ya watu. Mapatano hayo hubadilika: wakati wa ukoloni Afrika Mashariki iliwahi kutumia tofauti ya saa 2 na dakika 45 badala ya saa 3, na maktaba nzuri ya programu huhifadhi kumbukumbu ya mabadiliko kama hayo.

Barabara yetu yatupa mfano mwingine. Malori yanayopita Tinde kuelekea Rwanda huvuka mpaka Rusumo, na Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Tuseme lori limevuka saa 5.00 asubuhi kwa saa ya Tanzania, likaenda kwa saa tatu hadi Kigali. Kwa saa ya Tinde litafika saa 8.00 mchana, kwa saa ya Kigali ni saa 7.00. Mwanafunzi atakayetoa 5 kutoka 7 atapata saa mbili, na dereva atamcheka. Kabla ya kutoa, saa zote mbili ziletwe kwenye kanda moja.

6. Namna ya kufundisha

Napendekeza vipindi vinne kwa Darasa la Nne, tukianza na yajulikanayo.

Kipindi cha kwanza: kutenga aina. Andaa kadi ishirini zenye sentensi za maisha ya hapa, kama "Gulio hufunguliwa saa 2.00 asubuhi", "Nane Nane ni sikukuu ya wakulima", "Safari ilichukua saa tano". Vikundi vizipange kadi chini ya vichwa vitano. Mabishano yakitokea, yaache yaendelee kidogo. Humo ndimo watoto wanamofikiri.

Kipindi cha pili: kusoma saa kwa hesabu mbili. Tumia saa ya boksi yenye duara mbili za nambari, ya ndani ya Kiswahili na ya nje ya saa 24.

Kipindi cha tatu: kutafuta muda. Kosa la kawaida ni kutoa 2.40 kutoka 4.15 na kupata 1.75, kana kwamba saa ina dakika 100. Mtoto akope dakika 60, apate saa 1 na dakika 35. Kisha mpe safari inayovuka mchana: kuondoka saa 4.00 asubuhi, kufika saa 2.00 usiku. Asiyechora mstari wa wakati atakwama. Aliyeuchora atahesabu saa kumi.

Kipindi cha nne: kijiti na kivuli, kama nilivyoeleza.

Katika kupima, usiulize tu "Ni saa ngapi?" Uliza pia, "Habari hii ni ya aina gani, na nini hakikutajwa?" Jibu la swali hili la pili ndilo litakalokuonyesha kama mtoto ameelewa.

7. Mwalimu anapotumia kompyuta

Mwanachuo atakapoajiriwa atakabidhiwa orodha za wanafunzi. Azingatie mambo haya. Kwanza, baada ya kuingiza majina, achape orodha na kuilinganisha na daftari, akianza na waliozaliwa tarehe mosi, kwa maana hao ndio watakaofichua kosa. Pili, akiona tarehe ya kuzaliwa imeandikwa pamoja na saa, ajue programu imeongeza kitu ambacho hakikusemwa. Tatu, mzazi akijua mwezi na mwaka tu, mwalimu aandike hivyo hivyo katika daftari lake, hata kama fomu inadai siku. Na akilazimika kuijaza fomu, aandike pembeni kwamba siku ni ya kukadiria. Nne, karatasi ya kompyuta isitumike kumkanusha mzazi mwenye cheti kabla ya kuchunguzwa.

Hitimisho

Orodha ya shule ile ilisahihishwa kwa mkono, jina baada ya jina, na kazi hiyo ilichukua alasiri nzima. Mwalimu wa darasa alimwomba radhi mama yule mbele yetu, jambo ambalo naliona kuwa fundisho bora kuliko lolote nililolitoa siku ile. Binti yake leo anasoma, na umri wake katika daftari ni ule aliozaliwa nao.

Wanachuo watakaojaribu vipindi hivi katika mazoezi yao waweke kumbukumbu ya maswali waliyoulizwa na watoto, hasa yale waliyoshindwa kuyajibu, wayalete chuoni ili tuyajadili pamoja.